Bega la Kushoto

Kila asubuhi, kabla hajatia kitu tumboni, Inspekta alilipiga brashi koti lake. Lilikuwa koti la sufu, rangi ya majivu, refu kupita magoti, na usiku lililala kwenye msumari nyuma ya mlango. Alianza mabegani, akashuka mgongoni, akamalizia kwenye pindo, mkono mmoja na brashi, mkono mmoja na kikombe cha chai. Mumewe alikuwa na mzaha wake wa kila siku: "Koti linapigwa brashi, mume anaachwa na vumbi lake." Naye alikuwa na jibu lake la kila siku: "Koti halikoromi."

Asubuhi hiyo mzaha ulitoka, jibu halikutoka. Simu iliita brashi ikiwa bado begani.

"Afande, kuna mtu kavunjika mkono huku makumbusho," alisema sajini wa zamu.

"Kasukumwa?"

"Hapana. Kaanguka akikimbia."

"Akimkimbia nani?"

Mtu wa simu akichelewa kujibu, ama hajui, ama anajua na anaona haya.

"Gauni, afande," alisema mwishowe. "Anasema alikuwa anakimbia gauni."

Inspekta aliiacha chai ikipoa, akavaa koti, akatoka. Kituoni walimwita Sindano, ingawa si mbele yake, kwa kuwa aliingia kimya na hakutoka mahali bila kuvuta uzi.

Mvua nyembamba ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri. Makumbusho yalikuwa jengo la zamani lenye madirisha marefu yaliyofungwa, na ndani kulikuwa na ubaridi wa nyumba isiyopikiwa. Mlinzi, mzee wa mvi mwenye mwili kama kabati, alikuwa ameketi kwenye benchi la mapokezi akisubiri gari la hospitali, mkono umening'inizwa shingoni kwa skafu ya mtu.

"Shikamoo, mzee. Pole sana."

"Marahaba, mwanangu. Nimeshapoa. Mkono ni mfupa, utaunga. Niliyoyaona ndiyo hayaungi."

"Niambie kwanza unavyofanya kila siku. Halafu niambie leo ilikuwaje."

Mlinzi alivuta pumzi. "Kila siku nawafungulia stoo ya mavazi wale wanafunzi wawili waliokuja kujifunza kazi. Nawasha taa. Naziambia zile sanamu za kuvalishia nguo, 'Hamjambo, mabibi?' Ni mzaha wetu. Wanafunzi wanaitikia kwa sauti nyembamba, 'Hatujambo, baba,' tunacheka, naenda zangu. Leo nimewasha taa, nimesema hamjambo, na yeye alikuwa amesimama pale mbele. Hana shuka la kumfunika. Ananitazama."

"Nani?"

"Bibi Nguo."

"Ndiye nani huyo?"

"Ndiye *aliyekuwa*. Aliitunza ile stoo tangu mimi nina nywele nyeusi. Amefariki kabla ya mvua hizi. Jeneza lake nimelibeba mimi, upande wa kichwani."

"Ulimtambua kwa sura?"

"Sura ipi, afande? Zile sanamu hazina vichwa."

"Sasa ulijuaje ni yeye?"

Mlinzi alimtazama kama mtu anayemhurumia mtoto wa mwenzake. "Mtu uliyemfungulia mlango nusu ya maisha yako, unahitaji kichwa ndipo umjue? Bega lake la kushoto lilishuka, hivi. Mgongo umeinama kidogo, kama anamsikiliza mtoto. Tena ile harufu. Karafuu. Alikuwa hakosi karafuu mfukoni, anafukuzia wadudu." Aliinua mkono wake mzima akaonyesha vinyweleo. "Ona. Mpaka sasa havijalala."

Kabla Inspekta hajajibu, viatu vilisikika vikija kwa haraka. Alikuwa Mkurugenzi, mtu wa suti iliyonyooshwa vizuri na uso ambao haukunyooshwa.

"Afande, asante kwa kuja. Mwenye kosa tunaye. Ni yule msichana wa mafunzo. Ndiye aliyeivalisha sanamu, na ameitengeneza makusudi ifanane na marehemu, awatishe watu. Mlinzi wangu kavunjika. Mwalimu wake wa chuo anakuja saa tisa kumchukua. Napenda aondoke hapa akiwa na kesi, siyo na cheti."

"Ana sababu gani ya kuwatisha watu?"

"Watoto wa siku hizi wanahitaji sababu?" Kisha akashusha sauti. "Mwezi ujao tunafungua ukumbi mpya wa mavazi. Utapewa jina la marehemu. Hilo gauni ndilo litakalosimama katikati. Unaelewa ninavyojisikia, siku kama hizi, mtu anapomfanyia marehemu kinyago?"

Alimwonyesha picha kubwa ukutani. Bibi harusi wa zamani sana, binti wa tajiri mmoja, amesimama ndani ya gauni la hariri lenye mikono mirefu. Amenyooka kama mshumaa, mabega sawasawa, kidevu juu.

"Huyu ndiye mwenye gauni," alisema Mkurugenzi. "Sasa nenda ukaone alivyofanywa kibiongo."

*

Stoo ya mavazi ilikuwa mwisho wa korido ndefu isiyo na dirisha. Mlangoni alisimama Mhifadhi, mwanamke wa makamo aliyeshika stoo baada ya Bibi Nguo. Alivaa koti jeupe la kazi lililofungwa hadi shingoni, na mlango aliupa mgongo. Alikuwa amerudi kazini asubuhi hiyohiyo baada ya likizo ya ugonjwa, akakuta gauni limeshavalishwa kwa amri ya Mkurugenzi, na kelele.

"Nimesema lifunikwe," alisema hata kabla ya salamu. "Toka asubuhi nasema. Hakuna anayenisikia."

"Nikishaona, litafunikwa. Twende wote?"

"Nenda tu, afande. Mimi niko hapa."

Inspekta aliingia. Kulikuwa na mashine ndogo ya kukausha hewa iliyokuwa ikinguruma kwenye kona, sauti moja, kama mtu anayenung'unika bila kufungua kinywa. Pande zote mbili zilisimama sanamu zilizofunikwa mashuka meupe mpaka sakafuni, moja nyuma ya nyingine, kama watu waliopanga foleni na kuambiwa wasigeuke. Mbele yao, peke yake, lilisimama gauni.

Hariri yake ilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Shingo ilikuwa ya juu, na ndani ya shingo hamkuwa na kitu, ila giza dogo la duara. Inspekta aliwahi kuona maiti wengi wamesimamishwa kwa hila: kwenye kiti, nyuma ya mlango, mara moja ndani ya kabati. Wote walionekana wamekufa. Hili gauni halikuonekana hivyo. Lilionekana kama mtu aliyenyamaza katikati ya sentensi ili akusikilize. Bega la kushoto limeshuka. Mgongo umeinama kidogo. Na aliposogea karibu, kwapani, ilikuwepo: harufu nyepesi, kavu, tamu. Karafuu.

Wanafunzi wawili walisimama karibu na meza ya kazi. Mvulana alikuwa mrefu kiasi cha kuitwa Mrefu na kila mtu, mpaka na mwalimu wake. Msichana waliyemwita Pini, kwa kuwa akifanya kazi hubana pini midomoni, na ukimsalimu hujibu kwa nyusi. Leo hakuwa na pini.

"Wewe ndiye uliyelivalisha?" Inspekta alimuuliza.

"Ndiyo, afande."

"Ulimjua Bibi Nguo?"

"Hapana. Nimekuja ameshafariki."

"Picha yake umeiona?"

"Ile ya koridoni. Ya uso tu."

"Basi hili umbo umelitoa wapi?"

Pini alitazama sakafu. "Gauni ndilo liliniambia."

"Mama yangu!" Mrefu alijipiga paji la uso. "Pini, dada yangu, unamwambia polisi nguo inaongea? Utafungwa mara mbili, mara ya pili hospitali."

"Mwache aseme," alisema Inspekta. "Lilikuambiaje?"

Msichana alianza kwa sauti ndogo, ila kadiri alivyosema mikono yake iliamka. Sanamu huwa nyembamba, alisema, nyembamba kuliko mtu yeyote, ili uweze kuijazia pamba na soksi za zamani mpaka ipate mwili wa mwenye nguo. Siku ya kwanza alijaza akifuata picha ya bibi harusi, mabega sawasawa. Gauni lilikataa. Mikunjo ilitoka shingoni ikaenda kwapani, kitambaa kikanuna. Akapunguza pamba bega la kushoto, mkunjo mmoja ukafa. Akapunguza tena. Akaongeza mgongoni. Kila mkunjo ulipokufa alijua amekaribia.

"Mwili ndio unafuata nguo," alisema. "Nguo hailazimishwi. Ndivyo tulivyofundishwa."

"Na nani?"

"Na Mhifadhi. Siku ya kwanza kabisa."

Nje ya mlango, koti jeupe halikutikisika.

"Mlinzi anasema jana jioni sanamu ilielekea ukutani," Inspekta aliendelea. "Leo inaelekea mlangoni. Nani kaigeuza?"

Mrefu, ambaye tangu mwanzo hakukosa neno, sasa aliisukuma simu yake ndani zaidi ya mfuko.

"Toa tu, kaka. Likikaa ndani litachacha."

"Nilirudi jana tulipofunga," alisema Mrefu. "Nilisema nimesahau mwavuli. Nikaligeuza mgongo wake uelekee taa ya ukutani, nipige picha vile vifungo vya nyuma. Mchumba wangu anataka gauni lenye vifungo hivyo, na ukitaka kumridhisha yule ni lazima umpe ushahidi. Sikulirudisha. Shuka nililisahau kwenye kiti." Akamgeukia Pini. "Nilikuwa naogopa kusema. Samahani."

"Kwa hiyo mshtuko ni wako, umbo ni la mwenzako," alisema Inspekta. "Nipe hiyo simu."

Picha ilikuwa safi. Vifungo vidogo vya mfupa vilishuka mgongoni mstari mmoja, vimelika na kuwa manjano kama meno ya mzee. Inspekta alivuta picha ikawa kubwa, akaitazama kwa muda mrefu kuliko mchumba yeyote angeitazama.

"Pini. Wakati wa kuvifunga, vitanzi vilikuwaje?"

"Vigumu, afande. Mpaka kucha ikaniuma. Kila kimoja kinabana."

"Vifungo vimelika hivi, na vitanzi vinabana?"

Msichana aliitazama kucha yake.

Inspekta alirudisha simu, akavua koti lake la majivu, akaliweka juu ya meza ya kazi.

"Una sanamu nyingine tupu?"

"Ipo."

"Nivalishie hili. Jaza mpaka mikunjo ife. Huniulizi kitu, huniangalii mimi, unalisikiliza koti tu. Kama unachosema kina ukweli, nitaujua. Kama ulikuwa unacheza na jina la marehemu, nitajua pia."

*

Alitumia muda huo kwenye korido. Alimuuliza Mhifadhi habari za karafuu.

"Nimezipiga marufuku tangu nishike stoo," alisema Mhifadhi. "Zinatia madoa. Bibi alikuwa mbishi, kila mtu wa zamani ana ubishi wake."

"Mlikuwa karibu?"

"Alinifundisha kazi. Nilikuja hapa mwanafunzi, nilikuwa hata mkasi sijui kuushika."

"Nasikia ulikataa gauni hili livalishwe, kila mara lilipoombwa."

"Hariri ya zamani haisimamishwi. Inalazwa kwenye boksi."

"Mkurugenzi anasema wenzake wa majumba mengine wanazisimamisha."

"Mkurugenzi," alisema Mhifadhi taratibu, "akiona mgonjwa wa mgongo atamwambia anyanyue kinu." Lakini hakucheka, wala hakugeuka.

Inspekta alikwenda pia kwa mfagiaji, aliyekuwa amefika stoo mara baada ya mlinzi kuanguka. Mfagiaji alisema alipoliona gauni alitoka mbio na ufagio wake, na mpaka sasa ufagio hataki kuushika. Karani wa mapokezi yeye alitaka livuliwe mara moja, sanamu ichomwe, na mtu wa kuombea aitwe. Mkurugenzi alitaka sanamu inyooshwe. Inspekta aliyapanga kichwani: mmoja kakimbia, mmoja anataka ichomwe, mmoja anataka inyooshwe. Na mmoja anataka ifunikwe.

Aliitwa. Pini alikuwa amesimama pembeni, pini tatu zimebanwa midomoni, macho mekundu kwa kukaza.

Koti la majivu lilikuwa limesimama.

Inspekta hakuingia mara moja. Bega la kulia la koti lilishuka na kurudi nyuma, kana kwamba limebeba kitu kizito cha kamba. Kifua kilikuwa chembamba, tumbo dogo limejitokeza chini yake kama mtu aliyetoka kula na anataka kurudi kula. Kiuno kilipinda kuelekea kushoto, kukabiliana na ule mzigo. Hakukuwa na kichwa. Lakini kama kingekuwepo, kingekuwa kimeinamia pembeni, na kingekuwa kinapiga mluzi.

"Hili koti, afande," Pini alisema, akitoa pini moja moja, "naona wewe umelivaa juu juu tu. Wa kwanza kulivaa ni mwingine. Sufu ya bega la kulia imekwanguka kwa mkanda, kila siku, muda mrefu. Alikuwa mwanamume, na alikuwa anatembea sana. Ulipolirithi ulipunguza mikono ila mabega hukuyagusa."

"Alikuwa tarishi," alisema Inspekta. "Kaka yangu. Alibeba barua."

Aliitazama ile sanamu tena. Kisha akasema, kwa sauti iliyokuwa kavu kuliko alivyotaka:

"Lifunike."

Pini alinyanyua shuka. Kabla halijashuka vizuri, Inspekta aligeuka kuangalia mlangoni, mahali koti jeupe liliposimama, na akabaki hivyo, kama mtu aliyesikia sauti yake mwenyewe ikitoka chumba kingine.

Mwoga hukimbia. Aliyefiwa hufunika.

*

Saa nane na nusu aliwakusanya ndani ya stoo: Mkurugenzi, wanafunzi wawili, na Mhifadhi, ambaye safari hii hakupewa nafasi ya kubaki nje. Alisimama karibu na mashine, akitazama vidole vyake.

"Msichana amesema kweli," Inspekta alianza. "Nimempima kwa nguo ambayo mwenyewe namjua mimi peke yangu hapa. Amemtoa mpaka tumbo. Kwa hiyo tukubaliane: umbo hili si lake, ni la gauni."

"Haiwezekani," alisema Mkurugenzi. "Picha iko pale nje. Bibi harusi alinyooka."

"Ndiyo. Na ndiyo maana picha yako inamtetea msichana, haimshtaki. Pini, vaa glavu. Utuonyeshe begani kwa ndani."

Pini alifungua vitanzi vya juu, akakunjua bega la kushoto kwa uangalifu wa mtu anayeinua kope la mtoto aliyelala. Alitazama. Akatazama bega la kulia. Akarudi la kushoto.

"Nguo ikivaliwa na mtu wa bega la kushuka, kitambaa huvutika," Inspekta alisema. "Hiki kimevutika?"

"Hapana. Nyuzi zimenyooka." Sauti ya msichana ilikuwa imebadilika, haikuwa tena ya mshtakiwa. "Kimekatwa hivi. Mkasi ndio uliolishusha bega, tangu mwanzo."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo lilishonwa kwa ajili ya mtu wa bega hili."

"Mtu ambaye, wakati bibi harusi wa picha anaolewa, alikuwa hajazaliwa," alisema Inspekta. "Vifungo ni vya zamani, vimelika kwa vidole vya watu. Vitanzi ni vipya, havijawahi kufanya kazi. Kitambaa kina karafuu mpaka kwenye mshono, harufu ya mfuko wa mtu mmoja. Mkurugenzi, hili si gauni la bibi harusi. Ni nakala. Limeshonwa na Bibi Nguo, na limepimwa kwenye mwili wa Bibi Nguo."

Mkurugenzi alishika ukingo wa meza. "Unasema ameiba?"

"Sisemi. Aliye na la kusema yupo."

Hakumtaja. Kutoka nje, kwa mbali, gari lilisikika likisimama kwenye kokoto, na mlango wake ukafungwa.

"Huyo ni mwalimu wangu," alisema Pini taratibu. Alianza kuvua glavu, kidole kimoja kimoja, kama mtu anayerudisha vitu vya watu.

"Acha glavu zako," alisema Mhifadhi.

Wote waligeuka. Mhifadhi alikuwa amekwenda kwenye rafu ya chini kabisa, nyuma ya mashuka ya akiba. Alivuta boksi la kijivu, akaliweka mezani, akafungua. Ndani, juu ya karatasi laini, kulikuwa na kitu kilichofanana na majani makavu yaliyopondwa: vipande vya rangi ya chai, vyembamba, vingine vimekuwa unga. Katikati ya unga kulikuwa na ukanda wa lesi ambao bado ulikumbuka kwamba uliwahi kuwa shingo.

"Hili ndilo," alisema. "Hakuiba. Hariri ya zamani waliitia madini ili iwe nzito, na madini huikata kwa ndani, taratibu, hata ikiwa imelala. Siku moja alifungua boksi akakuta hivi. Hakuwa na kosa. Lakini alilia kama mtu aliyemwangusha mtoto wa jirani."

"Kwa nini hakusema?" Mkurugenzi aliuliza.

"Kwa sababu angeulizwa 'kwa nini hukusema mapema', kama unavyouliza." Alifunika boksi nusu. "Mimi nilikuwa mwanafunzi, kama huyu. Aliniambia ni zoezi: tushone kwa kuiga, ujifunze. Yeye alivaa, mimi nikashika pini. Hatukuweza kutumia sanamu, watu wangeuliza. Aliniambia, 'Mabega kata sawasawa, mwanangu, bibi harusi alinyooka.' Nilikata sawasawa. Likamkaa vibaya. Likamvuta shingo. Sikuweza. Mkono wangu ulikataa kumvalisha mtu nguo isiyomkaa. Nikashusha bega la kushoto, sikumwambia. Baadaye nikaona zoezi letu limelala kwenye boksi la bibi harusi, limeshonewa vifungo vyake vya zamani, nikaelewa, nikanyamaza. Na yeye akanyamaza. Tukanyamaza wote wawili, tukinywa chai meza moja, mpaka akafa."

"Unajua unalifanyia nini jina lake?" Mkurugenzi alinong'ona. "Ukumbi..."

"Najua. Tangu asubuhi ndilo jambo ninalolijua. Nimesimama hapo nje nikijiambia, msichana ni kijana, atapata chuo kingine. Bibi hatapata jina lingine." Alimtazama Pini kwa mara ya kwanza siku ile. "Ila wewe umefanya nilichokufundisha, na nilichokufundisha alinifundisha yeye. Nikikuacha uondoke, nitakuwa nimemzika mara ya pili. Mwalimu wako akija nitazungumza naye mimi. Mlinzi nitamwomba radhi mimi. Andika, afande, chochote kinachoandikwa."

Inspekta hakuandika kitu. Mrefu, ambaye alikuwa amesimama kwa nidhamu isiyo yake, alijifuta pua kwa mkono wa shati.

Hatua za mwalimu zilikuwa zinakuja koridoni. Pini alichukua shuka kutoka kitini, akalikunjua, akaisogelea sanamu, kama alivyomsikia Mhifadhi akiomba tangu asubuhi.

"Hapana, mwanangu," alisema Mhifadhi. "Usimfunike."

Alisogea. Alipofika mbele ya gauni alisimama, mfupi ukimlinganisha nalo, na ilionekana kweli kana kwamba lile lililoinama lilikuwa limeinama kwa ajili yake, muda wote huu, likingoja aanze. Aliweka kiganja chake juu ya bega la kushoto, pale mkasi wake ulipopita miaka ile.

"Shikamoo, Bibi," alisema. "Nimeshinda hapo nje nikisema ufunikwe, ufunikwe. Sicho nilichokuwa namaanisha. Nilikuwa namaanisha nimekukumbuka. Nimekukumbuka mpaka nikashindwa kukutazama."